Kazi za Likizo na Safari ya Kujitegemea kwa Watoto wa Miaka 11 hadi 14: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila likizo ndefu inapokaribia, wazazi na walezi huniuliza maswali yale yale kuhusu watoto waliokwisha kuvuka utoto wenyewe lakini hawajafikia ujana kamili. Watoto nao huja na maswali yao, mara nyingi kwa sauti ya chini, baada ya wenzao kutoka darasani. Nimeyaweka hapa pamoja na majibu ambayo nimekuwa nikiyatoa kwa miaka mingi ya kufundisha umri huu. Mengine yana jibu fupi, na mengine yananilazimu kwenda mbali kidogo.

Kwa nini mtoto wa umri huu afanye kazi wakati wa likizo badala ya kupumzika?

Apumzike kwanza. Kifungu cha 31 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 kinatambua haki ya mtoto ya kupumzika na kucheza, nami naona haki hiyo ni ya kweli kama ilivyo haki ya kusoma. Likizo ambayo kila saa yake imepangiwa shughuli si likizo.

Hata hivyo, siku za kwanza zikishapita, mtoto wa umri huu huanza kutafuta kitu ambacho mchezo pekee haumpi, nacho ni kuhitajiwa na mtu asiyekuwa mzazi wake. Mwanasaikolojia Erik Erikson alieleza kwamba katika miaka ya shule ya msingi mtoto hushughulishwa na swali la kama anaweza kutenda jambo likafaa, na kwamba balehe inapoingia swali hilo hupisha jingine, la yeye ni nani. Watoto tunaowazungumzia hapa wamesimama pale maswali hayo mawili yanapokutana, na ndiyo maana kazi ndogo yenye manufaa halisi huwagusa kuliko sifa wanazomwagiwa kwa mdomo. Aliyeachiwa bustani ya jirani kwa wiki mbili, na jirani akarudi akaikuta haijakauka, hana haja ya kuambiwa kwamba anaweza.

Kwa sababu hiyo, ninapoipima kazi ya likizo, swali langu la kwanza halihusu ujira. Nauliza ni jambo gani ambalo, tangu siku ya kwanza ya kazi hiyo, litakuwa mikononi mwa mtoto kabisa. Ikiwa hakuna, basi atakuwa amepata shughuli tu, wala hatakuwa amesogea hata hatua moja kuelekea kujitegemea.

Je, sheria inamruhusu?

Jibu linategemea nchi, na kila mzazi anapaswa kuisoma sheria ya mahali anapoishi kabla ya kumtafutia mtoto kazi ya malipo. Yapo, hata hivyo, mambo ya msingi ambayo nchi nyingi zimekubaliana.

Mkataba Na. 138 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 1973, unataka umri wa chini wa kuajiriwa usiwe pungufu ya ule wa kumaliza elimu ya lazima, na kwa vyovyote usishuke chini ya miaka 15, ingawa nchi ambazo uchumi na elimu yake havijaendelea vya kutosha zinaruhusiwa kuanza na miaka 14. Mkataba huo huo unafungua mlango mdogo kwa kazi nyepesi, kuanzia miaka 13, au 12 kwa nchi zilizochagua kiwango cha miaka 14. Masharti ya mlango huo ni kwamba kazi isidhuru afya wala makuzi ya mtoto, na isimzuie kuhudhuria shule wala kufaidika na masomo yake.

Kila nchi imeyatafsiri hayo kwa namna yake. Nchini Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka miaka 14. Nchini Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 13 na kuwaruhusu wenye umri kati ya 13 na 16 kufanya kazi nyepesi. Nchini Marekani, sheria ya viwango vya kazi ya mwaka 1938 imeweka miaka 14 kwa kazi nyingi zisizo za shamba, lakini haiwabani wanaosambaza magazeti nyumbani kwa watu wala wanaowaangalia watoto wa majirani mara moja moja. Uingereza ina sharti moja ninalolipenda sana, kwamba mtoto aliye bado katika umri wa shule ya lazima lazima apate angalau wiki mbili kamili bila kazi ndani ya likizo za mwaka.

Mtu akisoma sheria hizi kwa pamoja ataona kwamba mtoto wa miaka 11 karibu kila mahali hawezi kuajiriwa. Hilo halimaanishi kwamba hana la kufanya. Kusaidia nyumbani, kujitolea na kumfanyia jirani kazi ndogo za hapa na pale kwa kawaida havihesabiwi kuwa ajira, na kwa watoto wa miaka 11 na 12 huko ndiko mahali pa kuanzia.

Kazi ya likizo inatofautianaje na utumikishwaji wa watoto?

Kwa sababu neno “kazi” limebeba yote mawili, wapo wazazi wanaoogopa kumpa mtoto hata ufagio, na wapo wengine wanaotumia maneno ya malezi kuhalalisha mambo yasiyofaa.

Kazi inayomkuza mtoto ni ya muda mfupi, anaielewa, anaweza kuikataa bila kuadhibiwa, na faida yake kubwa inabaki kwake. Utumikishwaji humtumia mtoto kwa sababu ni mnyonge, humlipa kidogo kwa kuwa hawezi kudai, na humnyima shule, usingizi au mchezo. Kifungu cha 32 cha Mkataba wa Haki za Mtoto kinamlinda dhidi ya kunyonywa kiuchumi, nao Mkataba Na. 182 wa mwaka 1999, unaohusu aina mbaya kabisa za kazi za watoto, mwaka 2020 ulikuwa mkataba wa kwanza wa Shirika la Kazi Duniani kuridhiwa na nchi zote wanachama.

Mimi hutumia kipimo kimoja ambacho si cha kisheria. Jiulize ni nani atakayeumia zaidi mtoto akiacha kazi hiyo kesho asubuhi. Ikiwa ni mtoto mwenyewe, kwa kuwa atakosa jambo analojifunza na kulifurahia, kazi hiyo ni yake. Ikiwa ni mtu mzima ambaye mapato yake yatashuka, kuna tatizo linalohitaji kutazamwa, hata kama mtu mzima huyo ni mzazi.

Nitajuaje kwamba mtoto wangu yuko tayari?

Umri pekee hautoshi. Nimewahi kuwaona watoto wa miaka 11 wanaoaminika kuliko kaka zao wa miaka 14, na sababu haikuwa akili bali mazoea. Tazama anavyotimiza jambo ambalo hakuna anayemsimamia. Je, anaamka bila kuitwa? Akitumwa vitu vitatu, anarudi na vitatu? Akivunja kitu, anakuja kusema au anaficha vipande? Swali hili la mwisho nalipa uzito kuliko mengine yote, kwa sababu mtoto anayesema ukweli akiwa amekosea anaweza kuachiwa kazi nzito kiasi, ilhali anayeficha anahitaji kwanza kujengewa imani nyumbani.

Ni vyema pia kukumbuka kwamba sehemu ya mbele ya ubongo, inayohusika na kupanga, kupima hatari na kujizuia, huendelea kukomaa hadi kufikia takriban katikati ya miaka ya ishirini. Mtoto wa miaka 13 anaweza kukueleza kanuni za usalama neno kwa neno, kisha akazisahau rafiki anapomwita. Kusahau huko si ukaidi. Ndiyo sababu ya kumwongezea jukumu kidogo kidogo, wala usimshushie mzigo wote siku moja.

Ni kazi zipi zinazofaa?

Zinazofaa zaidi ni zile zenye mwanzo na mwisho unaoonekana, na zenye mtu ambaye atafurahi kuziona zimekamilika. Kumwagilia mimea na kulisha wanyama wa jirani aliyesafiri ni kazi bora kwa anayeanza, kwa sababu haina siri: mmea ukinyauka, unanyauka mbele ya macho yake. Kumtembeza mbwa mtulivu, kuosha magari, kufagia na kupanga stoo, kuokota matunda au kupalilia bustani ndogo pia zinafaa, mradi asishike dawa za kuua wadudu wala magugu. Ngozi ya mtoto ni kubwa ikilinganishwa na uzito wake, hivyo kemikali ileile humdhuru upesi kuliko inavyomdhuru mtu mzima.

Kazi ambayo haipewi heshima inayostahili ni ile ya kuwasaidia wazee. Mtoto wa miaka 12 anayemsomea babu gazeti kwa sababu macho yamechoka, au anayemwonyesha bibi jinsi ya kupiga simu ya video, anafanya jambo ambalo wakubwa wengi hawana subira ya kulifanya, tena anajifunza kuzungumza na mtu asiye wa rika lake bila skrini katikati yao. Vivyo hivyo, kumsaidia mtoto wa darasa la pili kusoma kwa nusu saa kila siku humfundisha anayefundisha zaidi ya anayefundishwa. Nimeshuhudia wanafunzi waliochukia kusoma kwa sauti wakirudi kutoka likizo wakisoma bila woga, kwa sababu walikuwa na mdogo aliyewangojea kila asubuhi akiwa ameshika kitabu.

Kuwaangalia watoto wadogo ni kazi inayotajwa sana, nayo inahitaji tahadhari. Msalaba Mwekundu wa Marekani hutoa mafunzo ya kazi hiyo kwa walio na umri wa kuanzia miaka 11, yakiwemo ya huduma ya kwanza, jambo linaloonyesha kwamba si kazi ya kurukia. Ushauri wangu ni kwamba kwa miaka miwili ya mwanzo mtoto aangalie wadogo wakati mama au baba yao yupo ndani ya nyumba hiyo hiyo akifanya shughuli nyingine. Anapata mazoezi yote ya kazi bila kubeba peke yake hatari ambayo hata mtu mzima ingemtisha.

Wapo pia wanaotaka kuanzisha kijibiashara chao, kama vile kutengeneza shanga, kushona, kupiga picha au kutengeneza baiskeli. Waacheni wajaribu. Hesabu ya gharama na mauzo ikifanywa na mtoto mwenyewe kwenye daftari lake, faida ya senti chache humfundisha kuhusu namba mambo ambayo mimi darasani huyapata kwa shida.

Ni zipi asizifanye kabisa?

Pendekezo Na. 190 la Shirika la Kazi Duniani, linaloandamana na Mkataba Na. 182, limetaja kazi za hatari kwa watoto kuwa ni pamoja na zinazomweka katika mazingira ya kudhulumiwa kimwili, kisaikolojia au kingono. Za chini ya ardhi, chini ya maji, juu sana au mahali finyu. Zenye mashine na zana hatari au mizigo mizito. Zenye kemikali, joto kali au kelele zinazodhuru. Na zile za saa nyingi au za usiku. Orodha hiyo inajitosheleza. Nitaongeza tu kuhusu mashine ya kukatia nyasi, kwa kuwa huulizwa sana: Chuo cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kinashauri kwamba mtoto asitumie ile ya kusukuma kwa mkono kabla ya miaka 12, wala ile ya kuendesha ukiwa umeketi juu yake kabla ya miaka 16.

Afanye kazi saa ngapi kwa siku?

Sheria ya Marekani inawaruhusu wa miaka 14 na 15 kufanya kazi hadi saa 8 kwa siku na saa 40 kwa wiki shule zinapofungwa. Kwa maoni yangu hicho ni kiwango cha juu ambacho mtoto wa umri huu hapaswi kukikaribia. Saa mbili au tatu kwa siku, siku tatu au nne kwa wiki, zinatosha kabisa kumfundisha kila ambacho kazi inaweza kumfundisha.

Usingizi ndio unaosahaulika. Wataalamu wa usingizi wanashauri saa 9 hadi 12 kwa walio na miaka 6 hadi 12, na saa 8 hadi 10 kwa wa miaka 13 hadi 18. Balehe pia husogeza saa ya mwili mbele, hivyo usingizi huja kwa kuchelewa na kuamka alfajiri huwa adhabu. Mtoto anayechelewa kuamka wakati wa likizo mara nyingi si mvivu. Ikiwezekana, kazi ianze saa nne asubuhi badala ya saa moja.

Alipwe? Na je, nimlipe kwa kazi za nyumbani?

Kwa kazi ya mtu mwingine ambayo mtu mzima angelipwa, alipwe, na alipwe yeye mwenyewe mkononi, si kupitia kwa mzazi. Kiasi kipatanwe kabla ya kuanza. Jirani anayesema “tutaona mwishoni” ana nia njema huenda, lakini anamnyima mtoto somo la kwanza la kazi, nalo ni mapatano.

Kwa kazi za nyumbani nina msimamo tofauti. Kuosha vyombo alivyotumia kula, kutandika kitanda chake na kufua nguo zake ni sehemu ya kuishi na watu, wala halipwi mtu kwa hayo. Kuna pia sababu ya kisaikolojia. Mwaka 1973 Mark Lepper na wenzake walichapisha utafiti wao kuhusu watoto wadogo waliopenda kuchora. Walioahidiwa zawadi ili wachore walionekana baadaye kuvutiwa na kuchora kidogo kuliko wale ambao hawakuahidiwa kitu. Kulipia kila tendo jema kunaweza kulifuta lile lililomfanya mtoto alitende kwa hiari. Kazi kubwa isiyo ya kila siku, kama kupaka ukuta rangi, inaweza kulipiwa bila tatizo, maana hapo umemwajiri kwa kazi ambayo ungemlipa mtu mwingine.

Nimtafutie kazi, au ajitafutie?

Mzazi achague uwanja, mtoto acheze. Maana yake ni kwamba wewe ndiye unayeamua nyumba zipi, watu gani na saa zipi ni salama, lakini mtoto ndiye anayebisha hodi, anayesalimia, anayejieleza na anayeuliza. Mfanyie mazoezi nyumbani jioni moja, wewe ukiwa jirani na yeye akiwa yeye. Ajieleze kwa ufupi: “Shikamoo mama. Naitwa fulani, naishi nyumba ya pili. Wakati huu wa likizo natafuta kazi ndogo ndogo za bustani, siku za Jumatatu na Jumatano. Kama una haja, ningependa kukusaidia.” Kisha anyamaze na kungoja jibu. Kungoja ndiko kugumu, na wengi huharibu hapo kwa kuendelea kuongea.

Akikataliwa, usimkimbilie kwa jirani yule kumwombea. Kukataliwa na mtu mpole ukiwa na miaka 12 ni maandalizi ambayo hayapatikani kwa njia nyingine.

Mtoto wangu amekosea kazini. Nimwombee radhi au nimfidie kazi hiyo?

Hapa nitaeleza kosa langu mwenyewe. Binti yangu alipokuwa na miaka 12 alipewa funguo za jirani ili amwagilie mimea kwa siku kumi. Siku ya tano alisahau, na ya sita pia. Nami, kwa kumwonea huruma na kwa kuionea aibu familia, niliingia jioni nikamwagilia bila kumwambia. Mimea ikapona, jirani akashukuru, binti yangu akalipwa. Alipogundua, aliniambia kwa upole kwamba zile fedha hazikuwa zake, na likizo iliyofuata hakutaka kazi yoyote. Nilikuwa nimempokonya kazi yenyewe nikamwachia malipo.

Tangu hapo nashauri hivi. Mtoto akikosea, muulize maswali mawili tu: nini kimetokea, na wewe unafikiri ufanye nini sasa. Akiamua kwenda kusema, msindikize hadi mlangoni ikiwa anaogopa, lakini aongee yeye. Hasara ikiwa ndogo, aifidie kwa ujira wake au kwa muda wake. Hasara ikiwa kubwa kuliko uwezo wake, mzazi ailipe waziwazi, mtoto akijua, na apange naye jinsi atakavyochangia hata kidogo. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, lakini mhunzi lazima alione koleo lililovunjika.

Wataalamu wa malezi hulinganisha msaada wa mtu mzima na jukwaa la mafundi ujenzi: huwekwa ukuta unapojengwa, kisha huondolewa ubao mmoja mmoja. Wengi wetu tunajua kuliweka. Tunashindwa kuliondoa, kwa sababu kila ubao tunaoutoa unatuonyesha kwamba mtoto atatuhitaji kwa namna nyingine kuanzia hapo.

Anataka kuacha baada ya siku tatu. Nimruhusu?

Tofautisha kuchoka na kuogopa. Aliyechoka amalize muda aliouahidi, ukiwa mfupi, au atoe taarifa ya siku kadhaa ili mwenye kazi ajipange. Anayeogopa kwenda, anayebadilika ghafla, anayekataa kubaki peke yake na mtu fulani au asiyetaka kueleza sababu aondolewe siku hiyo hiyo, na maswali yaje baadaye, taratibu. Ahadi ya kazi haina uzito wowote mbele ya usalama wa mtoto, na mtoto lazima ajue hivyo kabla hajaanza.

Nimlindeje bila kumfuata kila hatua?

Mfahamu mwenye kazi ana kwa ana. Ijulikane mtoto yuko wapi, na nani, na atarudi saa ngapi. Kazi ya ndani ya nyumba ifanyike mtu mzima mwingine akiwepo au milango ikiwa wazi. Pataneni neno la siri ambalo akilisema kwenye simu utakuja kumchukua bila kuuliza kitu mbele ya watu. Afundishwe pia kwamba mwajiri anayemtaka afiche jambo kwa wazazi wake ameshavunja mapatano, hata kama jambo lenyewe ni dogo au ni zawadi.

Kazi za mtandaoni zinahitaji ukali zaidi. Mitandao mingi ya kijamii hairuhusu akaunti kwa walio chini ya miaka 13, na kuudanganya mtandao umri ili kuuza bidhaa ni kuanza biashara kwa uongo. Akaunti ya kupokea maagizo iwe ya mzazi. Mtoto asitume picha zake wala anwani kwa mteja, na hakuna kazi halali inayomtaka mtoto alipe kwanza ndipo apewe.

Fedha anazopata, ni zangu au zake?

Ni zake. Familia ikiwa na dhiki na mtoto akataka kuchangia, ipokee heshima hiyo na uiseme wazi, lakini isiwe sharti. Kwa zilizobaki, mwongoze agawe mwenyewe sehemu ya kutumia, ya kuweka na ya kutoa, kisha umwache anunue kitu ambacho wewe unaona ni cha kipuuzi. Majuto ya ununuzi mbaya wa fedha ndogo ni nafuu mno ukilinganisha na yatakayokuja akiwa na mshahara.

Je, wasichana na wavulana wapewe kazi tofauti?

Hapana. Nyumba nyingi humwachia msichana jiko na wadogo zake bila malipo na bila kuhesabu saa, huku mvulana akitoka nje kutafuta cha kulipwa. Hesabu saa za kila mmoja kwa wiki moja, uziandike. Ukiona msichana amezidi, mpunguzie za nyumbani na umpe ndugu yake, ili naye apate muda wa kazi ya kuchagua mwenyewe. Na mvulana asiyejua kufua na kupika hajajitegemea, hata akiwa na fedha mfukoni.

Mimi nina miaka 13, nimezunguka kote na sijapata kazi. Nifanye nini?

Umri wako ndio sababu, wewe huna kasoro. Jitolee mahali panapohitaji mikono, kama maktaba, kituo cha wazee au nyumba ya ibada, na uulize kabisa utakuwa na siku zipi na jukumu gani, kama ambavyo ungeuliza kazini. Au chagua jambo moja la nyumbani kwenu ambalo hadi sasa hufanywa na mkubwa, kwa mfano kupanga na kununua mahitaji ya wiki kwa bajeti uliyopewa, uwaombe wakuachie lote kwa mwezi mzima. Weka kumbukumbu kwenye daftari. Likizo ijayo utakapobisha hodi, utakuwa na la kusema.

Mtoto wangu ni mwenye haya sana, au ana ulemavu. Je, haya yanamhusu?

Yanamhusu zaidi, kwa sababu ndiye ambaye watu hukimbilia kumfanyia kila kitu. Anza na mtu anayemjua na kazi moja inayofanana kila siku, na umuulize yeye mwenyewe ni msaada gani anaouhitaji. Kifungu cha 12 cha Mkataba wa Haki za Mtoto kinampa haki ya kusikilizwa katika mambo yanayomhusu, wala hakikumbagua mwenye haya wala mwenye ulemavu.

Shule zikifunguliwa, kazi iishe?

Kwa wengi, ndiyo. Aende mwenyewe kumuaga mwenye kazi siku kadhaa kabla, arudishe funguo na vifaa, akamilishe hesabu ya malipo, na aulize kama anaweza kurudi likizo nyingine. Wakati wa masomo, jambo moja la saa chache mwishoni mwa wiki linaweza kuendelea ikiwa sheria inaruhusu na usingizi haujapungua.

Lakini yapo ambayo mzazi asiyachukue tena. Ikiwa wakati wa likizo mtoto alijiamsha, alijifulia, alisimamia fedha zake na alisafiri mwenyewe njia mliyokubaliana, basi Jumatatu ya kwanza ya muhula usimwamshe. Huenda akachelewa siku hiyo. Mwalimu wake atamuuliza sababu, naye atajibu.